Muziki wa Kufoka Ulivyohamia Temeke

Muziki wa kufoka ulizaliwa Bronx, New York, miaka ya 1970, miongoni mwa vijana Weusi waliosahauliwa na wakubwa. Ulipofika Dar es Salaam, vijana wetu walifoka kwa Kiingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Saleh Jabir akatia maneno ya Kiswahili katika wimbo wa Vanilla Ice (naye, ajabu, ni Mzungu!). Wazee wakasema ni uhuni. Lakini Juma Nature wa Temeke hakuimba shida za Bronx; aliimba za uswahilini kwake, na herufi TMK zikawa jina la kujivunia. Mwaka 2010 mfokaji Joseph Mbilinyi, yaani Mr. II, alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini. Mwaka 2015 akafuata Profesa Jay, Mikumi.