Ulandanishi wa Mawimbi ya Simu katika Mpaka wa Busia na Malaba

Mtu aliye Busia, upande wa Kenya, huweza kuiona simu yake ikionyesha jina la mtandao wa Uganda ilhali yeye hajavuka mpaka. Wengi hudhani imeharibika. La hasha, imeupoteza mnara wa nyumbani, ikaukamata wa jirani.

Kabla ya kuukamata, simu haina budi kulandana nao. Istilahi ulandanishi yatumika hapa kwa maana ya kuziweka saa mbili katika mwendo mmoja. Usawazishaji haifai sana, kwani hapa pande mbili hazikutani katikati: simu humfuata mnara. Katika mfumo wa GSM, mnara hugawa wakati katika fremu za takriban milisekunde 4.6, na kila fremu ina nafasi 8. Simu iliyowashwa punde haijui nafasi ya kwanza inaanzia wapi. Hutafuta mlio usiobadilika, ikarekebishia masafa yake. Kisha hutafuta kifungu chenye biti 64 inazozijua tangu kiwandani. Hulinganisha kila inachopokea na kielelezo hicho, na panapofanana zaidi ndipo hesabu inapoanzia. Mpiga ngoma aliyechelewa kufika naye husikiliza kwanza, ndipo apige.

Kifungu hicho hubeba pia msimbo wa mnara, na biti zake 3 zimetengwa ili minara ya nchi jirani inayotumia masafa yaleyale isichanganywe. Mawimbi hayaujui Mto Malaba. Baadaye simu husoma namba ya nchi, 639 kwa Kenya au 641 kwa Uganda, ikatambua kwamba iko ugenini.

Kudumu katika ulandanishi ni kazi nyingine. Lori likiondoka Malaba, umbali huongezeka na mawimbi huchelewa. Mnara huiamuru simu itangulize ishara zake, kila hatua ikifidia mita 550 hivi. Hatua zikifika 63, yaani kilomita 35 hivi, hakuna tena nafasi ya kutanguliza. Aidha, katikati ya kila kifungu cha mazungumzo huwekwa biti 26 za kujisahihishia.

Kwa mfanyabiashara wa Busia, hata hivyo, saa zililandana lakini bei haikulandana: aliyenaswa na mnara wa ng'ambo alitozwa kama msafiri akiwa kwake. Mwaka 2006 Celtel iliwaondolea wateja wake gharama hizo kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Wa mitandao mingine waliendelea kubeba laini mbili.