Zawadi ya Mpanda Mawimbi

Sikutaraji kuulizwa habari za mawimbi nikiwa Mikinduri, upande wa Tigania huko Meru, ambako maji ni ya mvua na ya vijito vinavyoteremka kutoka vilima vya Nyambene kuufuata mto Tana. Lakini mwenyeji wangu ana kijana wake Malindi, na kijana huyo kila apatapo siku ya mapumziko huchukua ubao akaenda kupanda mawimbi. Mama yake hajaiona bahari hata siku moja. Alinimiminia chai, akasema: "Mzee, nataka kumpelekea zawadi ya huo mchezo wake. Lakini iwe kitu cha kumrudisha nchi kavu."

Baba mtu alikwisha kata shauri. Uani pana mti wa muhuti, naye angemwita fundi auchonge ubao. Wazo si la kuchekwa. Watu wa Hawaii, mabingwa wa kale wa mchezo huu, walichonga baadhi ya mbao zao kwa wiliwili, mti wa ukoo mmoja na muhuti. Ila kijana ubao anao, na ubao ni kama kiatu, huchaguliwa na mwenye mguu.

Nikamwambia mama anunue kamba. Ni ya plastiki yenye kunyumbuka, urefu wake hukaribia ule wa ubao. Ncha moja hufungwa mkiani mwa ubao, ya pili kwenye kifundo cha mguu wa nyuma. Ilienea miaka ya 1970 huko California. Kabla yake, aliyeanguka aliufuata ubao kwa kuogelea, nao ukipeperuka uliweza kumpasua mwenziwe kichwa. Kamba za mwanzo nazo zilivutika mno, zikaurudisha ubao kwa kishindo. Mfanyabiashara Jack O'Neill alipoteza jicho kwa sababu hiyo. Basi mnunuzi aitazame vizuri. Isiwe na ufa hata mdogo, na mkanda wa mguuni ufunguke kwa mvuto mmoja, maana baharini mna nyavu na kamba za wavuvi.

"Na ikikatika?" akauliza mama.

"Aogelee."

Baba akasema kijana alijifunza mtoni. Nikanyamaza kidogo, kwani mto na bahari si mamoja. Ghuba ya Malindi, kwa ajili ya maji na tope la mto Sabaki, ina pengo katika mwamba wa matumbawe, ndiyo maana mawimbi huingia kwa nguvu Julai na Agosti, kusi ikivuma. Mkondo ukimvuta mtu kwenda nje asishindane nao. Aogelee ubavuni, sambamba na ufuo, hata atoke ndani yake. Hilo haliuzwi dukani.

Mengine ni mepesi. Nta ya kupaka juu ya ubao ili mguu usiteleze, na iwe ile ya bahari ya joto, kwani ya nchi za baridi huyeyuka kwetu kama samli. Vazi zito la mpira ni hasara tupu. Fulana ya mikono mirefu na suruali ya kupita magoti humkinga na jua na mikwaruzo ya ubao, na wasomaji wangu wanajua sitara nyingine iliyomo humo.

Kisha nikatoa mkobani kalenda yangu ya Kiislamu. Nikamwonyesha mama: siku za mwandamo na za mwezi mpevu ni za maji ya bamvua, yanayopanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Bei yake haifiki nusu ya kamba, na kijana wa bara mwenye saa ya fahari mkononi huenda hajui hayo.

Mama akaikunja ndani ya leso, akaniomba nimwandikie urefu wa kamba. Baba alikuwa bado anautazama muhuti wake. Akasema, basi atachongewa kigoda, akija akikalie.