Usiiachie Tarakilishi Uamuzi wa Kuhifadhi

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, giza lilipoifunika karibu nchi nzima, nilikuwa chumbani mwangu Shauri Moyo, mbele ya tarakilishi kuukuu, nikitunga mtihani wa Kiswahili wa Kidato cha Tatu. Umeme uliporejea, programu ikaniletea nakala ya kazi yangu, ikipungukiwa na sentensi chache tu. Nikashukuru, nikaifunga bila kubonyeza pa kuhifadhia, nikalala. Asubuhi sikukuta kitu.

Kosa lilikuwa langu. Nilidhani kujihifadhi ni kujihifadhi tu, kumbe kila programu ina desturi yake. Microsoft Word, usipoibadilisha, huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Nakala hiyo ni ya kukuokoa tarakilishi ikizimika ghafla, wala si badala ya kuhifadhi. Kujihifadhi hasa, kwa swichi iliyo juu ya dirisha, hufanya kazi hati ikiwa imewekwa OneDrive, yaani kwa njia ya intaneti. LibreOffice nayo ina kipimo chake cha dakika, ambacho waweza kukipunguza. Hati za Google ndizo zinazohifadhi karibu kila unachoandika, na kukuwekea matoleo ya awali.

Je, basi tuwashe kila mahali? La hasha! Mwalimu mwenzangu alifungua mtihani wa mwaka uliopita ili autumie kama kielelezo, akafuta maswali, akaandika mapya. Swichi ilikuwa imewashwa. Mtihani wa zamani ukawa umefutika chini ya ule mpya naye hana habari. Hata Apple walipoleta mtindo huu katika tarakilishi zao mwaka 2011, wakaiondoa amri ya kuhifadhi kwa jina jingine, watumiaji walinung'unika, na mwaka 2012 amri ikarudishwa, ingawa imefichwa nyuma ya kitufe. Mwenye kurekebisha hati ya zamani na atoe nakala kwanza, ndipo aandike.

Lililonitia hofu zaidi lilitokea katika saibakafe moja karibu na Gikomba, ambako sisi tusio na printa hukimbilia. Mashine iliganda nikiwa katikati ya mtihani ule ule, niliokuwa nikiuandika upya. Nikaizima, nikahamia nyingine. Aliyeketi baada yangu alipofungua programu, ikamwuliza kwa heshima zote kama angependa kuirejesha hati iliyokatizwa.

Alikuwa mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu.

Alikuja kuniambia mwenyewe, macho yakiwa chini. "Mwalimu, nimeona swali la kwanza hadi la nne, kisha nikafunga." Nilimwamini. Hata hivyo, usiku huo niliutunga mtihani kwa mara ya tatu, kipimo nikiwa nimekishusha hadi dakika mbili, na mara hii katika mashine yangu mwenyewe.