Kipunji, kima aliyehamishwa ukoo

Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua zamani. Walipowasimulia watafiti wa mlima Rungwe, mwaka 2003, habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji, wageni hawakujua kama wanaambiwa juu ya mnyama au zimwi, maana simulizi za huko zina vyote viwili. Desemba wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2004 watafiti wengine, wasiojua lolote kuhusu wenzao, wakamkuta huyohuyo kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, kilomita 350 hivi kutoka Rungwe.

Ikabaki kazi ya kumtafutia ukoo. Wanasayansi humpa kila kiumbe nafasi yake katika himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Naam, ngeli, neno lilelile la mwalimu wa sarufi. Lakini kiti na kitabu vimo ngeli moja bila mtu yeyote kudai kwamba vina bibi mmoja, ilhali mwanabiolojia wa leo akiweka wanyama wawili kundi moja, anachodai ni hicho hasa. Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye kitabu chake cha 1758 ndicho mwanzo rasmi wa majina ya kisayansi ya wanyama, hakuwa na dai hilo. Yeye alipanga kwa maumbo tu.

Na maumbo hudanganya. Kwa miaka mingi kima wa jenasi Lophocebus, wakazi wa mitini wenye kope nyeusi, walihesabiwa ndugu wa karibu wa wale wa jenasi Cercocebus, kwa kuwa wanafanana. Mifupa na DNA zikaonyesha kuwa wa kwanza wako karibu na nyani, na wa pili karibu na mandrili.

Kipunji naye anakaa mitini na kope zake ni nyeusi. Basi mwaka 2005 makundi yote mawili yalimtangaza kwa pamoja kuwa Lophocebus kipunji, kwa ushahidi wa picha, kwani hawakutaka kumuua mnyama adimu kiasi hicho. Baadhi ya wataalamu walinung'unika: spishi itatangazwaje bila mwili wa kuuchunguza? Mimi naona watafiti walifanya sawa, ingawa mwili ndio uliokuja kuwaumbua. Mwaka huohuo dume kijana alinaswa na mtego wa mkulima karibu na Rungwe, akafa. DNA yake ilimsogeza kwa nyani, mbali na Lophocebus. Lakini fuvu lake halikuwa la nyani. Pua ndefu ile hana. Kumwacha alipokuwa kungekuwa kumpa ndugu wasio wake, na kumwingiza kwa nyani kungepingana na mifupa. Ndipo mwaka 2006 ikaundwa jenasi ya peke yake, Rungwecebus, ya kwanza mpya kwa kima wa Afrika tangu 1923.

Angalia kilichobaki. Kwa kanuni za majina, spishi ikihama jenasi, jina lake la pili huhama nayo. Lile la kwanza, Lophocebus, lenye asili ya Kigiriki, likaondolewa. Neno la wawindaji likadumu: Rungwecebus kipunji.

Mambo hayakuishia hapo. Uchunguzi wa baadaye uligundua kwamba DNA ya mitokondria ya kipunji wa Rungwe, ile ambayo mtoto huirithi kwa mama, inafanana mno na ya nyani wa njano walio jirani. Wa Ndundulu hawana alama hiyo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba hapo kale nyani jike alizaa na kipunji, na uzao wake ukaenea Rungwe. Kwa hiyo anayetaka kujua kipunji alikuwa nani kabla ya bibi huyo, itambidi aende Ndundulu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta kipunji 1,117 kwa jumla. Wa Ndundulu walikuwa 75.