ORS haichemshwi: chemsha maji kwanza

Mama au mlezi, wapo wanaokoroga ORS ya mtoto anayeharisha kisha wanaiinjika jikoni, wakidhani chumvi huyapa maji joto kali la kuua vijidudu. Usifanye hivyo.

Ni kweli maji ya chumvi huchelewa kidogo kuchemka. Lakini hata gramu 58 za chumvi kwenye lita 1 huongeza kama nyuzi 1 tu juu ya 100, na pakiti ya ORS haina chumvi nyingi hivyo. Hasara yake ndiyo kubwa: mvuke unaondoka na maji, chumvi inabaki sufuriani. Chumvi ikizidi, mtoto anaweza kupata degedege.

Friza nayo ina shida yake. Maji huanza kuganda yenyewe, chumvi inasukumwa kwenye sehemu ambayo bado ni majimaji, na hiyo ndiyo mtoto anayopewa.

Chemsha maji matupu yatokote dakika 1 (mkiishi juu ya mita 2,000, dakika 3). Funika yapoe. Soma pakiti, nyingi ni za lita 1, pima, kisha mimina yote. Ikipita saa 24, mwaga. Mtoto akilegea au akishindwa kunywa, mpeleke kituo cha afya mara moja.