Wasee wa Mlima, Wacheni Paa Ionekane

Ukipanda mathree Kimilili ukielekea Kapsokwony, cheki kulia na kushoto. Katikati ya mahindi na migomba kuna mjengo mpya kila kona, na nyingi zimevaa luku moja: ukuta mweupe, madirisha mapana ya kioo cheusi, na juu imekatwa flati, paa huioni. Mabati iko, lakini imefichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa kupita silingi. Fundi anauita parapeti. Kwa simu inatoka fiti sana, na mbogi ya ocha ikipita inasema huyu ameomoka.

Najua hiyo doh imetoka wapi. Msee amesota miaka kwa bedsita Kayole, ama amepiga shifti za usiku Qatar, akarudi kumjengea mathe. Hiyo ni heshima kubwa na sina neno nayo. Shida yangu ni hiyo luku. Ilichorewa mahali mvua ni ya kuhesabu, na sisi tumeibeba tukaileta kwa Mlima Elgon, wenye ikifika msimu, mawingu yanashuka karibu kila mchana.

Cheki venye hiyo paa inafanya kazi. Ndani ya parapeti mabati inalazwa na mteremko mdogo sana, ndio isionekane kutoka barabarani. Maji yote yanakimbilia gata iliyo huko ndani, juu ya ukuta wa nyumba. Sasa ile mvua ya mawe ya Elgon ianguke saa tisa. Mawe yanajazana kwa gata, majani ya mikalatusi yanaziba tundu la bomba, na maji yakikosa njia yanarudi chini ya mabati. Pa kwenda ni kwa silingi tu. Jipsam inavimba, inashika doa la rangi ya chai, halafu siku moja kipande kinashuka kwa kochi. Gata ya nje ikijaa, maji yanamwagika kwa nyasi na unaendelea kudishi. Ukuta nao, bila paa kutokeza nje, unachapwa na mvua direkti. Misimu michache tu, ile nyeupe ya kupigia picha imeota kijani chini ya madirisha.

Hata huko Nairobi tunakoiga, majengo makali hayakuanza na luku. KICC ilifunguliwa 1973, kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wa hapa kwetu. Ghorofa 28, na bado ndio picha ya kwanza msee anapiga akifika tao. Madirisha yake yamezama ndani ya zege, so jua halimpati mtu wa ofisini moja kwa moja. Britam Tower ya Upper Hill, 2017, imefika mita 200, na naikubali kabisa. Lakini hiyo ni ofisi. Ina watu wa kuning'inia na kamba kuosha vioo, na bajeti ya kuwalipa. Keja ya vyumba vitatu hapa Kapsokwony itasafishwa na mathe na ngazi ya mbao.

Mjengo unaonishika roho uko upande mwingine kabisa. Shika barabara ya Lodwar kutoka Kitale, nenda mpaka Ziwa Turkana, utapata kampasi ya Startup Lions. Iliisha 2021. Mchoraji ni Francis Kéré wa Burkina Faso, na mwaka uliofuata alishinda Pritzker, tuzo kubwa ya wachora majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuibeba. Kéré alicheki vichuguu vya mchwa venye vinasimama kwa lile joto, akainua minara mirefu: hewa moto inatokea juu, hewa poa inaingia chini. Mawe yalichimbwa huko huko. Ndani vijana wanapiga kompyuta, na mashine hazichemki. Manze, hiyo ndio trendi ya kufuata! Sisemi tukopi minara, juu hapa kwetu ingetugandisha usiku. Nasema Kéré aliuliza kwanza hapa kuna jua gani na mawe gani, ndio akachora.

Na sisi tuna majibu yetu kitambo. Msafiri Joseph Thomson alipofika mlima huu 1883, alikuta watu wanaishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao, kwenye mvua na upepo haviwafikii. Pale Kitale Museum, jengo lililofunguliwa 1974 kutokana na mkusanyo wa Kanali Hugh Stoneham, nje kuna nyumba za kitamaduni za jamii za magharibi. Wengi wetu huenda pale kwa nyoka na selfi. Siku nyingine simama kwa mlango wa moja ya zile nyumba. Nyasi imeshuka mpaka unainama kuingia, na ndio maana ukuta wa udongo haulowi.

Mimi naona chansi iko kwa simba, ile keja ya kijana nyumbani kwao. Kijana wa Bungoma bado anajenga simba yake kwanza, ndogo, kwa doh ya kuchanga polepole, na hapo anaweza kujaribu kitu. Ajaribu tofali za udongo za kufinywa kwa mashine, zile zinashikana bila simiti nyingi katikati. Hazichomwi, so hakuna mti unaingia kwa tanuru, na mlima huu umeshanyolewa vya kutosha. Lakini udongo wetu mwekundu ni mfinyanzi sana, usiuamini tu kwa macho. Fundi mjanja anajaza boksi la urefu wa sentimita 60 na udongo uliolowa, anauacha kivulini wiki moja, halafu anapima umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa sana, anaongeza mchanga na simiti. Kama shamba limelala kwa mteremko, msingi upande kwa ngazi ngazi. Kukata mlima ukuta mzima ndio upate uwanja ni hatari. Mlima huu huu ulishuka upande wa Bududa, Uganda, Machi 2010, ukafukia watu na nyumba zao.

Halafu paa. Inua mabati, itokeze nje nusu mita au zaidi, gata ikae nje. Milimita moja ya mvua kwa mita mraba moja ya paa ni lita moja ya maji. Paa ya mita mraba 80 ikipata milimita 125, hizo ni lita 10,000, na huku juu mwezi mmoja mzuri wa mvua unaweza kukupa hiyo. Kabla hujalipia tofali za parapeti, muulize fundi zitakula ngapi pamoja na plasta na rangi. Hiyo ni pesa ya kuanzia tangi.