Mwalimu wa Mazoezi Asiwe na Haraka

Na Mwandishi Wetu

Katika Kampala na miji mingine ya Uganda, kufundisha mazoezi ya viungo kumekuwa miongoni mwa kazi ambazo vijana wanajipatia riziki. Baadhi yao walikuwa mabondia, wengine wakimbiaji, na wengine wacheza mpira ambao umri au majeraha yamewatoa uwanjani. Kijana hukodi chumba, hununua mikeka, kamba na vyuma, kisha hubandika bango mlangoni. Mwezi wa kwanza chumba hujaa. Mwezi wa tatu si ajabu kukuta mlango una kufuli na bango limechakaa kwa mvua.

Wenye kazi hiyo wakiulizwa, aghalabu watasema kwamba walikosa mashine za kisasa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba adui mkubwa wa kazi hii si uhaba wa mashine. Adui ni haraka: haraka ya kumtoa mwanafunzi jasho, na haraka ya kupata faida.

MTEJA NI NANI?

Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walichapisha uchunguzi uliohusu nchi 168. Walikadiria kwamba nchini Uganda ni asilimia 5.5 tu ya watu wazima ambao hawakuutumikisha mwili kiasi cha kutosha, na hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ndogo kuliko zote. Katika Kuwait ilikuwa asilimia 67.

Sifa hiyo, ndugu msomaji, haikuletwa na kumbi za mazoezi. Imeletwa na jembe, na ndoo ya maji kichwani, na safari za miguu za kwenda shambani na sokoni. Mkulima anayelima tangu alfajiri hana haja ya kulipa fedha ili afundishwe kuinama na kuinuka. Mwenye haja ni mtoto wake aliyehamia mjini: karani anayeketi mezani mchana kutwa, mwenye duka, dereva wa teksi, mstaafu ambaye safari yake ndefu ni kutoka kitini hadi mlangoni. Huyu ndiye mteja.

Mteja wa namna hii huja na mwili mzito, na pengine huja pia na ugonjwa ambao mwenyewe haujui. Shinikizo la damu huweza kukaa mwilini miaka mingi bila ya kuuma. Kwa hiyo mwalimu aliyelelewa katika ndondi akimpa mtu wa miaka 45 mazoezi aliyokuwa akipewa yeye alipokuwa na miaka 20, hamjengi mtu huyo, anamhatarisha.

MASWALI KABLA YA JASHO

Siku ya kwanza isiwe siku ya kukimbia. Iwe siku ya kuuliza na kuandika. Je, umewahi kusikia maumivu ya kifua unapopanda mlima au ngazi? Umewahi kuzimia au kushikwa na kizunguzungu? Una shinikizo la damu au kisukari? Unatumia dawa gani? Una goti, mgongo au nyonga inayokusumbua? Kwa mama: una mimba, au umejifungua karibuni?

Jibu moja likiwa ndiyo, mwalimu ampeleke mteja kwa mganga kwanza. Wapo wanaoogopa kwamba mteja akiambiwa hivyo hatarudi. Ukweli ni kwamba anayerudi na ruhusa ya mganga humwamini mwalimu wake zaidi, na huwaambia jamaa zake.

Mwalimu naye ajifunze huduma ya kwanza. Mtu akianguka na kuacha kupumua, wakati msaada umekwisha kuitwa, kifua chake kikandamizwe katikati mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hivi. Chumba cha mazoezi kisichokuwa na mtu ajuaye jambo hili hakistahili kufunguliwa.

HABA NA HABA

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Kipimo cha wastani hakihitaji chombo: mtu aweze kuzungumza wakati wa mazoezi, lakini ashindwe kuimba.

Anayeanza aanze kwa kutembea upesi. Kampala ni mji wa vilima, na kilima ni mashine isiyolipiwa. Kwa nguvu za miguu, ainuke kutoka kitini na kuketi tena bila ya kujishika, mara 8 au 10, apumzike, kisha arudie. Kwa mikono na kifua, apige pushapu akiegemea ukuta. Akizoea, aegemee meza. Mwisho ashuke chini. Nyongeza iwe ndogo kila juma, na misuli iliyofanyishwa kazi nzito ipewe muda wa saa 48 hivi kupumzika, kwa maana misuli hujengeka wakati wa mapumziko.

Mwalimu amwambie mwanafunzi mapema kwamba misuli inaweza kuuma siku 1 hadi 3 baada ya mazoezi mapya, na kwamba hilo si ugonjwa. Lakini maumivu makali ya ghafula katika kiungo, au ya kifua, ni amri ya kuacha mara moja. Na mtu aliyezidishiwa mazoezi, kisha akaona mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, apelekwe hospitali bila kukawia, kwa sababu misuli yake imevunjika na figo zake zimo hatarini.

Atakayeona kwamba njia hii ni ya watu dhaifu na akumbuke habari za John Akii-Bua, polisi wa Uganda. Mwalimu wake, Mwingereza Malcolm Arnold, alikuja nchini mwaka 1968. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akii-Bua alikuwa wa nne katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Miaka miwili baadaye, huko Munich, alishinda kwa sekunde 47.82, akaweka rekodi ya dunia na kuiletea Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Ikiwa bingwa wa dunia alihitaji miaka ya kupandishwa ngazi kwa ngazi, je, karani aliyekaa kitini miaka 20 atabadilishwaje katika majuma mawili?

HESABU ZA CHUMBA

Sasa tutazame upande wa mfuko. Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye wanafunzi 12, kila mmoja akilipa shilingi 100,000 kwa mwezi. Mapato ni shilingi 1,200,000. Kodi ya chumba ni 400,000, umeme na maji 80,000, nauli 100,000, akiba ya kutengeneza vifaa 100,000, akiba ya leseni 20,000. Jumla ya gharama ni 700,000. Kinachombakia ni 500,000.

Sasa wanafunzi 4 waache. Mapato yanashuka hadi 800,000, lakini mwenye nyumba hapunguzi kodi, wala umeme haupungui sana. Kinachobaki ni 100,000. Theluthi moja ya wanafunzi imeondoka, na sehemu nne kwa tano za riziki ya mwalimu zimekwenda nayo. Hapa ndipo inapoonekana kwamba biashara hii inaishi kwa mwanafunzi anayedumu mwezi wa tatu na wa nne, kuliko kwa yule mpya anayeingia kwa shangwe.

Na mwanafunzi huacha kwa nini? Huacha kwa sababu alichoshwa siku ya kwanza hata akashindwa kushuka ngazi. Huacha kwa sababu aliahidiwa kupungua kilo 10 kwa mwezi, naye akapungua 2, akajiona ameshindwa, ilhali kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa juma ndiyo njia ya salama. Huacha kwa sababu alichekwa na vijana wenye vifua vipana. Na huacha kwa sababu fedha zimekwisha kabla ya mwisho wa mwezi, akaona haya kusema.

Dawa za mambo hayo si ghali. Daftari la kila mwanafunzi lionyeshe kwamba juma la kwanza aliinuka kitini mara 8 na juma la sita mara 20. Maendeleo hayo huonekana kabla ya kioo kuonyesha lolote. Asiyefika siku mbili apigiwe simu. Asiyeweza kulipa kwa mwezi alipe kwa juma, au afundishwe pamoja na wenzake watatu kwa bei nafuu. Wanawake wanaopenda saa yao peke yao, au mwalimu wa kike, wapewe; na mwalimu asimguse mwanafunzi kumrekebisha kabla ya kumwomba idhini.

Vifaa vinunuliwe kadiri fedha inavyopatikana, si kwa mkopo wa riba. Mafundi wa Katwe ni hodari wa kazi za chuma, na makopo yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba yamewajenga vijana wengi. Chumba hujaa alfajiri na jioni. Mchana hukaa tupu huku kodi ikiendelea kulipwa. Saa hizo zinawafaa wazee na mama wa sokoni. Jina la biashara liandikishwe, namba ya kodi ipatikane, leseni ya jiji ikatwe. Anayejificha hawezi kukodiwa na ofisi wala shule. Akiba nayo iwekwe. Mwezi Machi 2020, serikali ilipofunga shughuli nyingi kwa ajili ya Uviko-19, mwalimu aliyekuwa na chumba tu, bila ya akiba, hakuwa na pa kushika.

Kuna mlango mmoja wa faida ambao mwalimu mwema ataufunga kabisa: kuuza vidonge na sindano za kuvimbisha misuli. Dawa hizo hudhuru moyo, ini na uzazi, na fedha inayopatikana kwazo ni bei ya afya ya mtu.

Vijana wenye kazi hii wamebeba amana. Mtu anapowakabidhi mwili wake, amewakabidhi pia baba wa watoto fulani, au mama wa nyumba fulani. Wampokee kwa maswali, wampandishe taratibu, waandike kila hatua, nao wataona kwamba uangalifu uleule unaomlinda mwanafunzi ndio unaolipa kodi ya chumba. Haraka haraka haina baraka, mwilini wala dukani.